Kigugumizi cha Miguu

Kaa vizuri. Na kama umesimama, basi endelea kusimama, maana hii ni habari ya kusimama.

Ipo nchi moja. Usiniulize iko upande gani wa dunia, mimi nina shingo moja tu na bado naitumia. Inaitwa Jamhuri ya Mbelembele, na watu wake hawarudi nyuma. Si kwamba hawataki, hairuhusiwi. Magari yote ya serikali yalinyofolewa gia ya rivasi siku nyingi, kwa hiyo mkubwa akiipitiliza ofisi yake kwa bahati mbaya, anauzunguka mji mzima mpaka aifikie tena kwa mbele. Ndiyo maana ukienda ofisi yoyote ya Mbelembele unaambiwa, "Bosi yuko njiani." Usiseme ni uongo. Yuko njiani kweli.

Katika nchi hiyo alikuwepo kijana aitwaye Haidari. Haidari alimaliza kidato cha nne, na matokeo yake yalikuwa ya aina ile ambayo mtu huyasoma akiwa peke yake chooni. Lakini alijua kufunga tai, na alijua kutikisa kichwa pale mkubwa anapovuta pumzi, kabla hata hajasema kitu. Kipaji hicho hakifundishwi shuleni. Akaajiriwa kuwa Afisa Mwendo wa Kata. Akapewa fulana ya kijani, filimbi, na kofia iliyoandikwa MBELE. Kisogoni mwa kofia hapakuandikwa kitu, maana nyuma haipo.

Alikuwa akiishi na bibi yake, Bi Mashavu, mama mzaa mama, aliyemlea kwa vitumbua na makofi kwa vipimo alivyovijua mwenyewe. Siku aliyorudi na ile kofia, bibi alimtazama, akatazama na kofia, akasema:

"Haya. Wameona kichwa kitupu wakakifunika."

"Bibi, hii ni ajira."

"Sijasema si ajira. Kuku naye ana kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mheshimiwa Daktari wa Heshima Zahoro Mbwana, Waziri wa Mwendo, Kasi na Masuala ya Kutorudi Nyuma, alikuwa amegundua tatizo. Aliligundua jukwaani, mbele ya kamera, kama matatizo yote makubwa yanavyogunduliwa Mbelembele.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Utafiti wetu, tulioufanya wenyewe kwa msaada wa wengine, umeonyesha kwamba mzee asipotembea, anakaa! Na akikaa, ndugu zangu, hatembei!"

Makofi.

"Nchi inayokwenda mbele haiwezi kuwa na wazee waliokaa! Kuanzia leo kila mzee atavaa Bangili ya Mwendo. Atakapokwenda, itajua. Atakaposimama, itajua. Mzee anayetembea vizuri tutampongeza. Na yule anayevuta wastani wa taifa chini, tutampeleka Kambi ya Mapumziko ya Heshima, kule mlimani, ambako hakuna pa kwenda, kwa hiyo hatapata tabu ya kutembea!"

Makofi zaidi. Haidari alipiga ya kwake mpaka viganja vikawaka, kisha ndipo akajiuliza kilichosemwa.

Mheshimiwa mwenyewe alivaa bangili ya kwanza, ya rangi ya dhahabu, kwa ajili ya mfano. Alisisitiza kwamba anavaa kama kijana mzalendo, si kama mzee. Umri wa Mheshimiwa ni siri ya taifa, na nywele zake hupakwa rangi na idara maalumu.

Basi Haidari akapita nyumba kwa nyumba akiwafunga wazee bangili. Kwanza alifundishwa kwamba wasiitwe tena wazee, waitwe "washiriki". Vilevile wasiamkiwe kienyeji, maana kuamkiana kunaondoa umbali wa kitaalamu. Na kwa kuwa mafunzo yalimwingia Haidari vizuri, ya shule tu ndiyo yaliyokuwa yakimkataa, asubuhi iliyofuata alitoka chumbani na kofia yake kichwani, akamkuta bibi anakoroga uji, akasema:

"Habari za asubuhi, mshiriki."

Bi Mashavu aliacha kukoroga. Tangu mtoto huyu ajue kusema, hapajapita asubuhi bila shikamoo. Hata ile siku alipokuwa na matubwitubwi, mashavu yamevimba kama anapuliza tarumbeta, aliitoa.

"Lete hiyo takataka yako uifunge," akasema, akanyoosha mkono.

"Si takataka, bibi. Inapima mwendo wako."

"Kwani mimi sijui ninakokwenda?"

"Serikali ndiyo haijui."

"Si ingeniuliza."

Haidari akatikisa kichwa.

Lazima nieleze jinsi Bi Mashavu anavyokwenda sokoni, la sivyo hutaelewa janga lililolipata taifa. Soko liko mwisho wa mtaa, ukipiga chafya nyumbani kwake wauza dagaa wanasema "afya". Lakini Bi Mashavu hutoka chai ikiwa bado ya moto, na kurudi watu wakikaribia kupakua wali. Anafunga khanga, anachukua kikapu, anapiga hatua chache, anakutana na Mwanaidi muuza maandazi. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu. Mtoto kikohozi kimekwisha?" Kikohozi hakijaisha, kwa hiyo kinajadiliwa. Hatua chache tena, fundi baiskeli. "Shikamoo, bibi." "Marahaba. Yule mkeo karudi kwao au kwako?" Hilo nalo si jambo la kulijibu ukitembea. Anasimama mlango kwa mlango, na kila anaposimama anaacha neno la nyumba ya nyuma na kuchukua neno la nyumba ile. Akifika sokoni, anajua nani mgonjwa, nani kajifungua, nani kanuna. Nyanya ananunua mwishoni, kama mtu anayekumbuka kitu.

Makao makuu, bangili yake ilichora mstari ambao haujapata kuonekana. Unapanda kidogo, unalala. Unapanda kidogo, unalala. Mtaalamu Mshauri Benignus aliubandika ukutani na kuutazama huku ameshika kidevu. Benignus alikuwa amesomea mambo ya mwendo katika nchi moja ya baridi ambako watu hupita barabarani kama maji kwenye bomba, hakuna anayemsimamisha mwenziwe ila askari.

"Mshiriki huyu anaanza kutembea, anakwama," alieleza kwenye kikao. "Anaanza, anakwama. Tena si yeye peke yake, wazee wa nchi nzima wako hivi. Mabibi na mabwana, huu ni ugonjwa mpya. Nimeupa jina Kigugumizi cha Miguu."

Ukumbi ukaguna kwa fahari. Si kila nchi ina ugonjwa wake.

Haidari alikuwa amekaa nyuma kabisa. Na hapa ndipo panapouma, maana katika maisha yake yote kulikuwa na kitu kimoja tu alichokijua kwa hakika, na kilikuwa hicho. Utoto wake mzima ameupoteza kando ya bibi, ameshika kikapu, akihama mguu huu hadi mguu ule, akisikiliza vikohozi vya watu. Alijua kila mlalo wa mstari ule ni mlango wa nani. Akanyoosha mkono. Akafungua mdomo. Wakati huohuo ikaletwa sinia ya sambusa, na Haidari, mdomo ukiwa umeshafunguka, aliona si vizuri uende bure. Alipomaliza kutafuna, ugonjwa ulikuwa umepitishwa na kikao kizima, na Mheshimiwa ameshautia saini.

Tiba ya kwanza ilikuwa dawa ya kuchua magoti. Ilinuka kama tairi linaloungua, na wazee waliitumia kwa moyo wote kufukuzia mbu. Mstari haukubadilika. Ndipo Benignus akaamua kutoka mwenyewe, akamfuata Bi Mashavu kwa mbali na darubini. Alirudi anatweta.

"Nimegundua chanzo! Barabarani kuna vizuizi. Na vizuizi vyenyewe ni watu. Wanamrushia mshiriki neno fulani, na neno hilo likimpata tu, anasimama!"

Kabla wiki haijaisha ikatoka Sheria ya Kuondoa Vizuizi vya Maneno. Marufuku kumwamkia mzee barabarani. Mwenye shikamoo yake aipeleke ofisi ya kata, siku ya Jumanne, ipokelewe kwa niaba. Na mlinzi wa sheria hiyo mtaani, mwenye filimbi yake ya serikali, alikuwa nani tena kama si Haidari?

Alitembea hatua chache nyuma ya bibi yake, filimbi mdomoni. Mwanaidi akamwona Bi Mashavu, akatabasamu, akafungua kinywa. *Priii!* Akafunga. Fundi baiskeli akainua kichwa. *Priii!* Akainama, akajifanya anatafuta nati. Watoto wakampita bibi kama wanavyopita nguzo ya umeme. Bi Mashavu akafika sokoni, akanunua nyanya, akarudi. Birika aliloliacha jikoni lilikuwa halijachemka.

Akakaa kwenye kigoda, kikapu mapajani.

"Nimekwenda, nimerudi," alisema. "Kama barua."

"Umeona, bibi? Mwendo umekuwa safi!"

Siku iliyofuata bibi hakutoka. Wala iliyofuata.

"Bibi, huendi sokoni?"

"Nikafanye nini?"

"Nyanya."

"Nyanya huletwa mlangoni kwa pikipiki, hujui? Tangu mwaka juzi zinaletwa."

"Sasa siku zote ulikuwa ukienda kufuata nini?"

Bi Mashavu alimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka alikosea wapi katika malezi, kwenye vitumbua au kwenye makofi.

Ikawa hivyo nchi nzima. Wazee walikaa. Mabibi wakakaa, mababu wakakaa, na mitaa ikawa kama maji kwenye bomba, bomba lenyewe halina maji. Benignus aliitisha kikao cha furaha. Kigugumizi cha Miguu kimetokomezwa! Hakuna mzee anayesimama ovyo barabarani tena! Wakala sambusa. Mpaka mtu mmoja, aliyekuwa amekaa karibu na ukuta, akauliza mbona mistari yote imelala kabisa, haipandi popote. Wakageuka kuitazama. Kwa kweli ilikuwa imelala.

"Basi hawa ndio wanaovuta wastani," akasema Mheshimiwa Zahoro. "Waende kambini."

Haidari alipigiwa simu mchana. Lori litafika Jumatano, akaambiwa, na Mheshimiwa mwenyewe atakuja na kamera. Kata yake imepewa heshima ya kuanza. Na kwa kuwa yeye ni afisa, ataanza na mshiriki wa nyumbani kwake, ili watu waone serikali haina upendeleo. Haidari alitikisa kichwa. Kwenye simu kutikisa kichwa hakusikiki, kwa hiyo wakaendelea kumwita "haloo, haloo" mpaka ikabidi aseme ndiyo.

Akaingia uani. Akamwambia bibi, akitazama ndoo.

"Huko mlimani kuna nini?" akauliza Bi Mashavu.

"Kuna vitanda vizuri. Kuna televisheni."

"Hiyo televisheni inanijua mimi ni nani?"

"Bibi, tembea basi! Zunguka uani hapa, bangili ione!"

Bi Mashavu aliinuka, akauzunguka ua mara moja, akarudi kwenye kigoda. "Haya, nimefika wapi?"

Haidari akamwomba bangili, akaifunga mkononi mwake, akaanza kukimbia kuizunguka nyumba ili amwokoe bibi yake kwa jasho la kijana. Alipofika pembe ya pili ubavu ulichoma, ya tatu akaona nyota, ya nne akakaa chini. Bangili ikalia ikaandika: MSHIRIKI ANA HALI MBAYA, APUMZISHWE. Tangu apewe pikipiki ya ofisi, afisa wetu wa mwendo alikuwa hatembei hata kwenda dukani. Bibi akamletea maji.

Jumatano msafara ukaingia mtaani. Mbele gari la Mheshimiwa, nyuma yake la Benignus, nyuma yake lori limepambwa maua ya karatasi kama la kubebea bibi harusi. Bi Mashavu alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, furushi lake la nguo miguuni, amejifunika khanga mpya. Majirani walijipanga kando ya barabara, midomo imefungwa kisheria. Mwanaidi alikuwa akilia bila sauti, na maandazi yanaungua. Haidari alisimama karibu na bibi, filimbi mdomoni. Kazi yake ilikuwa kumshika mkono na kumpandisha. Hakuweza kumshika. Hakuweza pia kukataa. Akaweza kusimama tu, na jasho likamtoka mpaka kwenye soksi.

Mheshimiwa Zahoro akashuka, akarekebisha tai mbele ya kamera, akamsogelea.

"Mshiriki mpendwa," alianza, "serikali yako sikivu..."

Bi Mashavu aliinua uso.

"Wewe si Zahoro?" akasema. "Zahoro wa marehemu Bi Tatu, pale nyuma ya kinu cha kusaga? Uliyekuwa ukija kwangu na kibakuli kuomba ukoko?"

Sijui kama umewahi kuona mtu mzima akinywea ndani ya suti. Mheshimiwa alitaka kukana, mdomo ukajaribu kutengeneza kukana, lakini yako mambo yanayokaa ndani zaidi ya siasa. Magoti yalikunjika yenyewe kidogo, kichwa kikainama, na neno likatoka kabla ulinzi haujaliwahi.

"Shikamoo, mama."

*Priiiii!*

Watu wa Mbelembele wamemfanya Haidari shujaa kwa filimbi ile. Ipo hata shule ya chekechea yenye jina lake. Ukweli ni kwamba filimbi ilikuwa mdomoni tayari, na alishtuka.

"Nani amepiga filimbi?" Mheshimiwa akanguruma.

"Sheria, Mheshimiwa," akasema Haidari, sauti imekuwa ya mbuzi. "Umemwamkia mzee barabarani."

"Mwache mtoto, hajui kazi nyingine," akasema Bi Mashavu. "Marahaba, Zahoro. Hebu niambie, mama aliugua nini? Nilisikia kazikwa, sikusikia mengine. Siku hizi hakuna anayesimama akaniambia."

Mheshimiwa akatazama kamera. Akamtazama bibi. Akasema ilianza kama homa. Akasema yeye mwenyewe alikuwa safarini, mkutanoni, mambo ya mwendo. Akasema alifika wameshafukia. Alisema polepole, kama mtu ambaye hajapata kuulizwa, na alipofika hapo akajikuta amekaa kwenye kizingiti, suti na yote.

Nyuma honi zilipigwa. Gari la Benignus halikuweza kupita, wala kurudi nyuma, kwa sababu unazozijua. Na ndani ya gari hilo, kompyuta ya Benignus ikaanza kulia. Kumbe bangili ya dhahabu ilikuwa ikifanya kazi muda wote. *Mshiriki amekwama. Mshiriki amekwama. Mshiriki amekaa.* Mitambo ya Mbelembele ndiyo kitu pekee kinachofuata sheria bila kuuliza sheria ni ya nani, kwa hiyo kipaza sauti cha lori kikajiwasha, na sauti ikatangaza mtaa mzima. Ilikuwa sauti ya Mheshimiwa mwenyewe, iliyorekodiwa kwa hisia:

"Mshiriki ZAHORO MBWANA! Apakiwe! Kwa heshima!"

Wapakiaji wawili walishuka, wakasimama. Hakuna aliyethubutu kumpakia waziri. Hakuna aliyethubutu kutompakia, maana waziri ndiye aliyeamuru.

"Apakiwe!" ikarudia sauti. "Kwa heshima!"

"Anakuita nani huyo mwenye kelele?" akauliza Bi Mashavu.

"Ni mimi, mama," akasema Mheshimiwa kwa unyonge.

Ikapigwa simu juu. Juu wakapiga juu zaidi. Watu wazito wakatazama dari. Kisha likaja jibu, likasomwa kwa kipaza sauti: Kigugumizi cha Miguu hakipo, hakijapata kuwapo, na wote waliokiugua wamepona. Lori liondoke. Likaondoka kwa mbele, likiwa tupu, kwa kuwa njia ya kurudi haikuwapo. Linasemekana bado liko njiani.

Bi Mashavu akalirudisha furushi lake ndani. Hadithi ingeishia hapo kama serikali ya Mbelembele ingejua kuacha jambo linapokwisha. Wiki iliyofuata ikatoka Sheria ya Salamu za Lazima. Kila mzee akitoka, sharti asimame kila mlango aamkiwe. Bangili zikarekebishwa: sasa asiyesimama ndiye mgonjwa. Haidari akabaki na filimbi yake, ila ameelekezwa kuipulizia upande wa pili.

Asubuhi ile Bi Mashavu alifunga khanga, akachukua kikapu, akatoka.

"Shikamoo, bibi!" akasema Mwanaidi kwa furaha yote. Bi Mashavu alimkonyeza akapita. Fundi baiskeli akapewa kidole cha kusubiri. Mlango kwa mlango bibi hakusimama, khanga inapepea, kandambili zinapiga lami. Alikwenda kasi kuliko vijana wa jeshi. Nyuma yake Haidari alikuwa akikimbia, kofia imepinda, filimbi inarukaruka kifuani.

"Bibi! Simama! Ni sheria!"

"Nisimame kwa filimbi? Mimi mpira?"

"Bibi, watakuandika mgonjwa!"

"Waandike! Salamu yangu haipulizwi!"

Sokoni, nyanya, kugeuka, kurudi. Haidari alimfikia katikati ya barabara ubavu ukiwa umeshikana na mgongo. Akavua kofia ajipepee. Filimbi ilikuwa imeangukia wapi hajui. Alitaka kusema jambo la kiofisi, akalitafuta, hakulipata. Pumzi iliyobaki ilitosha neno moja.

"Shikamoo, bibi."

Bi Mashavu akasimama.

Akakishusha kikapu chini taratibu, akamtazama mjukuu wake kuanzia utosini, ambako hapakuwa na kofia, mpaka kwenye viatu.

"Marahaba, baba," akasema. "Habari za tangu uajiriwe?"

Haidari akaanza kumwambia. Zilikuwa habari nyingi, na nyingine zilikuwa za sambusa, hazikutaka haraka. Nyuma yao gari la serikali likafika, likapiga honi, likapiga tena.

Halikuwa na rivasi. Likasubiri.